Naomba ushauri: kugeuza mwelekeo wa kamera ya gemu kwenye PS5 (mashine ya gemu) ya wateja

Wadau wa gemu, salamu. Kwenye banda la gemu hapa Umoja, wateja wanaopokezana padi hawakubaliani: mmoja akisukuma kijiti cha kulia mbele anataka kamera itazame chini, kama rubani, mwenzake anataka itazame juu. Asipokagua mipangilio, anayefuata anapiga risasi dari, na dakika ni za kulipia.

Nafikiria kufungua akaunti mbili kila PS5, moja ya kawaida, nyingine iliyogeuzwa wima pekee, yaani juu-chini (mlalo, yaani kulia-kushoto, siugusi, wanaoutaka ni wachache). Ila kuna gemu zisizofuata mipangilio ya mashine, na sevu (hatua ya gemu iliyohifadhiwa) hubaki kwenye akaunti yake. Wenye mabanda, mnafanyaje? Wateja wenu wengi wanapenda ipi?