Datsun 240Z iliyoliwa na kutu: nianzie bodi au injini?

Mkazi_wa_Makulu:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo.

Nimenunua Datsun 240Z ya mwaka 1972 kutoka kwa familia ya mzee mmoja mstaafu wa Mpwapwa, na kwa sasa gari liko uani kwangu Dodoma. Lilikaa chini ya mwembe kwa miaka mingi bila kuwashwa. Kadi yake ipo, na namba ya chasisi iliyochapwa kwenye ukuta wa chumba cha injini inasomeka vizuri na inalingana na kadi. Injini ni ile ile ya kiwandani, L24 ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita mchemraba 2,393, lakini imeganda. Nilipotia spana kwenye boliti ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) haikusogea hata kidogo. Kabureta zote mbili zipo.

Kutu ndiyo inayonipa hofu. Sakafu upande wa dereva imetoboka kiasi cha kuona ardhi, sahani ya betri imekwisha kabisa, na matao ya magurudumu ya nyuma yamejazwa puti ambayo imeanza kupasuka. Mlango wa dereva unafunga kwa kuunyanyua.

Fundi wangu ananishauri niiondoe L24 na kuweka 1JZ-GE, injini ya Toyota Mark II, kwa maelezo kwamba spea zake zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, wakati wowote, na mafundi wanaoijua wapo kila mahali. Amekwisha kuipata injini pamoja na gia boksi ya otomatiki, na anataka nilipie wiki hii. Fedha niliyonayo inatosha jambo moja tu kwa sasa: ama injini, ama bodi.

Sina nia ya kulifanya gari la maonyesho. Nataka kuliendesha: niende nalo Kondoa na Babati, siku nyingine nishuke Iringa kupitia Mtera. Nimelipenda gari hili tangu nilipofahamu kwamba 240Z ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, wakati ambapo barabara za kwetu zilikuwa za vumbi na matope. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijatoa fedha.

Bodi_na_Lehemu:

Mkuu, hongera kwa kulipata. Usilipie injini wiki hii. Kauli yako kwamba mlango unafunga kwa kuunyanyua imenishtua kuliko habari ya injini kuganda, na nitaeleza kwa nini.

Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama pikapu au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasisi: sakafu, vizingiti vya chini ya milango, reli mbili zinazopita chini ya sakafu na reli za mbele zinazobeba injini, vyote vimechomelewa pamoja na kusaidiana kubeba mzigo. Mlango ukianza kugoma kufunga, yaweza kuwa ni bawaba zimelegea tu, na hilo ni dogo. Lakini kama nafasi kati ya mlango na bodi ni nyembamba juu na pana chini, maana yake gari limeanza kukunjika katikati, na kizingiti kimeoza kwa ndani hata kama nje kinaonekana kizima. Pima leo hii: nyanyua mlango ukiwa wazi nusu, ukicheza, tazama bawaba, usipocheza, tazama kizingiti.

Kisha chukua bisibisi ya zamani na nyundo ndogo, ulale chini ya gari, ugonge taratibu kila mahali. Bati zima hulia kwa sauti kali, bati lililooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi huingia bila kulazimishwa. Penye puti tumia sumaku. Anza chini ya sahani ya betri, kwa sababu tindikali ya betri hudondoka pale kwa miaka na kuila reli iliyo chini yake, na reli hiyo ndiyo inayobeba injini na sehemu ya uzito wa gurudumu la mbele. Baada ya hapo fuata ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Pale kuna mifereji ya kutolea maji, na kwa hapa kwetu mifereji hiyo huzibwa na vumbi na majani wakati wa kiangazi chote, kisha mvua za Desemba zikianza maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya vizingiti. Watu husema Dodoma ni kukavu na gari halioti kutu. Ni kweli hatuna hewa ya chumvi kama Tanga, lakini udongo mkavu uliojaa ndani ya bodi hunyonya maji na kuyashika kwa wiki nyingi baada ya mvua kukatika.

Kuhusu kazi yenyewe, msimamo wangu ni kwamba fundi asikate kizingiti wala sakafu kabla ya kuweka mihimili ya muda. Gari litolewe injini, likae juu ya stendi imara kwenye sakafu ya zege iliyosawazishwa, kisha achomelee vyuma vya mraba ndani ya nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na vingine kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Apime kwa utepe kutoka kona hadi kona, aandike vipimo ukutani, na avirudie kila baada ya kipande kuchomelewa. Akikata pande zote mbili kwa wakati mmoja bila mihimili, bodi italegea, na ukimaliza kulehemu utakuwa umelifunga katika upotofu huo milele. Milango haitakaa wala kioo cha mbele hakitaingia.

Bati la sakafu liwe la milimita 1.2. Akate hadi afikie chuma safi kinachong'aa. Kuchomelea kiraka juu ya kutu ni kuificha tu, nayo itaendelea kula katikati. Apige vinundu vya kulehemu vilivyoachana, akihama huku na huko ili bati lisipate joto na kujikunja, kisha ayajaze mapengo polepole kwa mashine ya MIG, yaani ya umeme inayolisha waya mwembamba na kuukinga kwa gesi. Ile mashine ya kuchomelea mageti kwa vijiti itatoboa bati jembamba, kwa hiyo ukimwona nayo msimamishe. Mwishoni apake praima yenye zinki kwenye maungio, azibe mishono kwa gundi maalumu ya bodi, na anyunyize nta au mafuta mazito ndani ya vizingiti kupitia matundu yake. Hatua hiyo ya mwisho mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani, ilhali ndiyo inayoamua kama kutu itarudi.

SilindaSita:

Naunga mkono aliyetangulia, nami nitazungumzia injini, kwa kuwa naona L24 inahukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Injini kuganda baada ya kukaa miaka mingi si kifo. Mara nyingi ni ringi zilizoshikwa na kutu kidogo kwenye ukuta wa silinda moja au mbili ambazo valvu zake zilibaki wazi. Ondoa plagi zote sita, mimina ndani ya kila silinda dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia boksi ya otomatiki, uache kwa siku kadhaa ukiongeza yanapopungua, kisha jaribu kuizungusha krenki kwa mpini mrefu, kidogo mbele na kidogo nyuma, bila kutumia nguvu za kuvunja boliti. Usikubali gari livutwe likiwa kwenye gia. Bloku ni ya chuma cha kusubu na silinda zake ni za milimita 83. Hata ikibidi kuchongwa na kuwekewa pistoni za saizi kubwa zaidi, ni kazi ambayo karakana yoyote nzuri ya kuchonga injini inaiweza. Silinda hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo ipimwe kama imepinda kabla ya kurudishwa.

Ikiwa bloku haifai kabisa, ndugu yake wa karibu ni L28 ya sentimita mchemraba 2,753. Hukaa kwenye mauntingi zile zile na hupokea gia boksi yako ile ile, bila kukata chochote. Kwa mazingira yetu iko kwenye baadhi ya Nissan Patrol za petroli za mfululizo wa 160, zile za miaka ya 1980, na magari hayo bado yamelala katika yadi nyingi. Ukiipata, chukua bloku, lakini sampo (bakuli la oili chini ya injini), bomba la kunyonyea oili, kabureta na manifoldi viwe vya L24 yako. Tahadhari moja: hedi ya L24 ikiwekwa juu ya L28 huongeza mgandamizo, kwa hiyo mpige hesabu kwanza msije mkapata injini inayogonga kwa petroli yetu.

Kabureta zako ni za Hitachi, za mtindo wa SU, na mafundi wengi huzichukia kwa sababu hawajafundishwa. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Kabureta iliyosawazishwa Dar es Salaam itakula petroli nyingi hapa, plagi zitakuwa nyeusi, na utaambiwa injini imechoka. Chini ya kila kabureta kuna nati ya kurekebisha mchanganyiko. Zisawazishwe zote mbili hapa hapa Dodoma, injini ikiwa imepata moto.

Mwendo_wa_Manyoni:

Natofautiana kidogo na mkuu wa juu. 1JZ-GE si wazo baya. Ile yenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) ilitoka kiwandani na nguvu farasi 200, spea zipo, na mtu anayetaka kwenda Babati bila wasiwasi ana haki ya kuifikiria. Ninachokipinga ni kuinunua sasa, na kuinunua na otomatiki. Gari lenye uzito wa tani moja na ushee, lenye dramu nyuma na difu iliyotengenezwa kwa ajili ya nguvu ndogo, ukilipatia injini hiyo itakubidi ubadilishe breki, propela, rejeta na pampu ya mafuta, kwa kuwa injini ya sindano (isiyotumia kabureta) hudai shinikizo la karibu bar 3 ambalo pampu ya L24 haiwezi kulifikia. Na kabla ya kukata chuma chochote, sampo ilinganishwe na mhimili wa mbele wa gari. Fundi wako amekutajia bei ya injini. Mwombe aandike bei ya vitu hivi vyote, ndipo ulinganishe.

Kadi_na_Namba:

Nyongeza fupi. Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini na namba ya chasisi. Ukibadilisha injini, hata kwa L28, hakikisha unapewa stakabadhi halali na nyaraka za mahali injini ilikotoka, kisha upeleke mabadiliko hayo TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ili kadi irekebishwe. Vinginevyo utakwama siku ya kukaguliwa na siku ya kuuza. Na mwambie fundi bodi asiguse kwa grainda ile namba ya chasisi kwenye ukuta wa injini, wala asiifunike kwa puti. Ibandike karatasi ya gundi kabla ya kazi kuanza.

Mkazi_wa_Makulu:

Nawashukuru sana wakuu. Nimelala chini ya gari na bisibisi kama nilivyoelekezwa. Bawaba ya juu ya mlango imelegea kweli, lakini pia kizingiti cha upande wa dereva kimeingilika kwa urefu wa karibu kiganja, kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele. Upande wa abiria ni mzima. Reli ya chini ya betri ina tundu moja. Nimemweleza fundi kwamba silipii 1JZ, na fedha inakwenda kwenye bodi. L24 nimeijaza mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia boksi.

Swali langu la mwisho: fundi umeme anasema nyaya zote zitolewe, nami naona nyingi bado ni laini. Kipi ni cha lazima?

SilindaSita:

Nyaya ambazo ganda lake bado ni laini na shaba yake haijawa nyeusi zinaweza kubaki, ila safisha viungio na sehemu zote za ethi kwenye bodi, hasa baada ya rangi, kwa maana rangi mpya huzuia umeme. Kitu cha lazima ni mita ya ampea kwenye dashibodi. Katika gari hili mkondo wa kuchaji hupita ndani ya mita hiyo kwa waya mnene unaotoka chumba cha injini. Ukifunga alternata ya kisasa yenye ampea nyingi kuliko ile ya zamani, waya huo na viungio vyake huchemka nyuma ya dashibodi, mahali usipopaona. Ama uendelee na alternata ya kiwango cha awali, ama umwombe fundi aondoe mita hiyo kwenye njia ya mkondo, aweke ya volti, na apitishe waya mpya mnene kutoka alternata hadi betri ukiwa na fyuzi karibu na betri. Kazi hii ifanyike wakati dashibodi iko nje kwa ajili ya kulehemu sakafu.

Bodi_na_Lehemu:

Kiganja kimoja cha kizingiti na upande mmoja mzima ni habari njema. Upande wa abiria ndio utakaokupa vipimo vya kutengenezea upande wa dereva, kwa hiyo usikubali uguswe hadi wa dereva ukamilike. Reli ya betri itengenezwe kwanza, injini ikiwa nje.