Naomba ushauri: ni muziki gani unaomtuliza mtoto mchanga anayelia kila jioni?

Mkeshaji: Wanajukwaa, salaam. Nina mtoto wa wiki sita ambaye kila jua likizama huanza kulia, akikunja miguu na kukaza ngumi, wala hanyamazi hadi usiku uwe umekwenda sana. Humwekea muziki kwenye spika. Mwanzoni ulisaidia, sasa hausaidii. Nitajieni muziki ulio bora zaidi, kwani nguvu zimeniishia.

Babu Tarumbeta: Wowote wa polepole unaojirudia unafaa. Mimi nilikuwa mpigaji wa bendi na mazoezi nikiyafanyia nyumbani, hivyo wanangu walilala kwa tarumbeta. Mmoja wao hadi leo, akiisikia tu, hata harusini, hupiga miayo.

Mkunga Mstaafu: Kilio cha watoto wengi hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe, kwa hiyo huenda kosa si la muziki. Spika hiyo iko wapi, na sauti umeifungua kiasi gani?

Mkeshaji: Iko chumbani.

Mkunga Mstaafu: Chumbani mahali gani?

Mkeshaji: Kitandani mwake, karibu na kichwa, na sauti nimeifungua yote, maana isipokishinda kilio haisikii. Mimi hukaa chumba cha pili. Msinihukumu, wiki iliyopita ilimnyamazisha, na kubwa zaidi nimeshaiagiza.

Mwadilifu: Ndiyo malezi ya siku hizi, mtoto analelewa na mashine.

Mkunga Mstaafu: Iondoe leo hii. Madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza kelele katika wodi za watoto wachanga mahututi zisizidi desibeli 45, yaani chini ya mazungumzo ya kawaida. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu watoto njiti 272, ulionyesha kwamba wimbo walioupenda wazazi, ukiimbwa papo hapo kwa utulivu, ulipunguza kasi ya mapigo ya moyo wa mtoto na msongo wa wazazi wenyewe. Muimbie wewe.

Shaka Kwanza: Naona hii ni chai. Tangu lini mtu asiyelala akaweka koma mahali pake? Subirini, sasa hivi atatuletea bei ya spika.

Babu Tarumbeta: Hata ikiwa chai, wapo watakaofaidika. Ila koma kweli zimenishangaza.

Mkeshaji: Siuzi chochote. Siimbi kwa sababu nikianza tu, ninayelia ni mimi, na sauti inakatika kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Mkunga Mstaafu: Hilo ndilo ungeanza nalo. Mweke kifuani, uimbe ukiwa umefumba midomo, kwani mtetemo wa kifua atauhisi hata bila maneno. Ukizidiwa, mlaze chali mahali salama, utoke dakika chache, na kamwe usimtikise. Kilio chako nacho kamweleze daktari, pamoja na cha mtoto.

Shaka Kwanza: Bei ya spika bado hatujaambiwa.