Wahadhiri wanagoma kupinga kupunguzwa kazi: mwanafunzi wa kigeni afanye nini?

Mwanafunzi wa Uzamili aliuliza:

Ndugu zangu, ninasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja nchini Uingereza, na ninaomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii. Uongozi umetangaza kupunguza wafanyakazi, idara yangu ikiwamo, na wahadhiri kupitia chama chao cha UCU wamepiga kura ya kugoma. Baada ya siku za mgomo hawatasahihisha mitihani wala tasnifu hadi mpango huo uondolewe. Msimamizi wangu ni miongoni mwa walioandikiwa barua kwamba nafasi zao ziko hatarini. Wiki iliyopita alinirudishia sura ya pili ikiwa na maelezo ya kalamu nyekundu karibu kila ukurasa, na chini kabisa akaandika kwamba hana hakika kama ndiye atakayeisoma sura ya tatu.

Ninawaunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, ada yangu imelipwa na wazazi walioko Morogoro kwa mkopo wa SACCOS, viza yangu inakwisha Januari, na bila matokeo siwezi kuomba viza ya wahitimu, ile inayoruhusu kubaki na kufanya kazi baada ya masomo. Je, nikidai fidia nitakuwa nimewasaliti walimu wangu?

Mhitimu wa 2023:

Pole sana, dada. Nilimaliza mwaka 2023, wakati wanachama wa UCU katika vyuo 145 walipogoma kusahihisha kuanzia tarehe 20 Aprili hadi tarehe 6 Septemba. Mgomo ule ulihusu mishahara na masharti ya kazi, lakini kwa mwanafunzi maumivu ni yale yale: baadhi ya wenzangu walivaa majoho siku ya mahafali wakiwa hawajui wamepata daraja gani.

Shughulikia viza kwanza, kwa sababu haisubiri mtu. Viza ya wahitimu huombwa ukiwa ndani ya nchi, viza ya masomo ikiwa bado hai, baada ya chuo kuithibitishia Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba umehitimu. Mwaka ule wizara iliweka utaratibu maalumu kwa waliokwama, lakini usitegemee nafuu iliyotolewa kwa mgomo mwingine. Iandikie leo ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uulize nani atasahihisha tasnifu yako, bodi ya mitihani itakaa lini, na watafanya nini tarehe hiyo ikipita. Majibu ya mdomo usiyakubali. Hudhuria pia kila kipindi kinachofanyika, kwa maana kipindi kilichofutwa na mgomo si utoro wako, ila kile ambacho mwalimu alikuja na wewe hukuonekana kitahesabiwa.

Kuhusu fidia, malalamiko hupelekwa chuoni kwanza. Ukishapewa barua ya kufunga shauri huko, una miezi 12 ya kwenda kwa Mwamuzi Huru wa Elimu ya Juu, anayehudumia England na Wales bila kumtoza mwanafunzi hata senti. Mkataba wa ada ni kati yako na chuo, mhadhiri hayumo, kwa hiyo ukidai haki yako humsaliti yeyote.

Mhadhiri, Scotland:

Ninaunga mkono kila neno la aliyetangulia, na ninaomba uelewe jambo hili lilikotoka. Ada ya mwanafunzi mwenyeji huko England ilikwama kwenye pauni 9,250 tangu mwaka 2017, ikaongezwa hadi pauni 9,535 mwaka 2025 tu, huku gharama zikiwa zimepanda mno. Pengo likazibwa na ada za wanafunzi wa kigeni, yaani na wazazi kama wako. Januari 2024 serikali ilipowazuia wengi wa wanafunzi wa uzamili kuja na familia zao, maombi yalipungua na pengo likafunuka.

Hata hivyo si kila nakisi ilitoka serikalini. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Dundee kilitangaza kupunguza nafasi 632 kutokana na nakisi ya pauni milioni 35, na uchunguzi huru uliotoka Juni ukaulaumu uongozi kwa usimamizi mbaya wa fedha. Wahadhiri waliotakiwa kuondoka si wao waliokuwa wakishika mfuko.

Siku ya mgomo hatulipwi, na anayegoma kusahihisha anaweza kukatwa nusu ya mshahara au wote hata akiendelea kufundisha. Tunafanya hivyo kwa sababu wakati mwingine kunasaidia. Chuo Kikuu cha Cardiff kilitangaza Januari 2025 kufuta nafasi 400 na kupendekeza kufunga uuguzi na muziki. Wanachama walipojiandaa kugoma kusahihisha mwezi Mei, chuo kilikubali kwamba mwaka huo hakuna atakayeachishwa kwa lazima, na mgomo ukasitishwa.

Mzazi, Nakuru:

Nawaheshimu walimu, lakini mimi siwezi kulisema hili kwa wepesi. Hapa Kenya wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia tarehe 17 Septemba hadi tarehe 5 Novemba 2025 wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9. Dai lilikuwa la haki na serikali ikakubali kulipa. Mwanangu lakini alilipa kodi ya chumba siku zote hizo bila darasa, kisha muhula ukabanwa, mitihani ikarundikana, na hakuna aliyemrudishia chochote. Wanaogoma waseme mapema, tena hadharani, jinsi watakavyofidia masomo yaliyopotea.

Mwanafunzi wa Uzamili:

Asanteni nyote. Barua nimeipeleka leo asubuhi. Nimebakiwa na swali moja: msimamizi akiondoka, ninaweza kumkataa nitakayepewa?

Mhitimu wa 2023:

Kumkataa ni vigumu, lakini unaweza kudai mtu anayeijua mada yako na muda wa nyongeza ulioandikwa. Mwombe msimamizi wako, kabla hajaondoka, maelezo mafupi kuhusu ulipofikia, kisha uyahifadhi nje ya barua pepe ya chuo.