Msaada: exe ya PyInstaller inapoteza data kila ikifungwa

mgeni_wa_kodi
Wakuu habari, nina kaprogramu nimeandika kwa Python na Tkinter (ya kutengeneza madirisha) ka kutunza madeni ya wateja, data inakaa kwenye faili la SQLite (database ndogo ya faili moja) na njia yake naipata kwa `__file__`, yaani mahali skripti yenyewe ilipo. Kwangu kanapiga kazi vizuri tu. Sasa dada yangu hana Python kwenye mashine yake nikamtengenezea exe kwa PyInstaller (inafungasha kodi ya Python iwe programu inayojitegemea), nikaweka `--onefile` (yote iwe faili moja), `--windowed` (bila ile dirisha nyeusi ya maandishi) na `--add-data` ili ibebe na database. Inafunguka, anaingiza majina, anayaona, akifunga akija kufungua tena tupu! Juzi kaingiza wateja 40 wote wameenda, na mimi ndo nilimwambia aachane na daftari, imeniuma sana. Nakosea wapi?

fundi_exe
Pole sana. `--onefile` kila ukiifungua inajimwaga kwanza kwenye folda ya muda, jina lake `_MEI` na namba mbele, ukifunga folda yote inafutwa, na `__file__` inakuelekeza humo humo. Kwahiyo dada anaandika kwenye nakala ya kutupwa. Ikoni na picha ziache huko, ila chochote kinachoandikwa kipeleke `os.environ["APPDATA"]` (folda ya Windows ya data za programu, haifutwi ukifunga), utengeneze folda yako, na database iundwe yenyewe kama haipo.

mama_skripti
Mi ningetumia `--onedir` kabisa (programu inakaa kwenye folda badala ya faili moja), inawaka haraka maana hakuna kujimwaga, na antivairasi hazipigi sana kelele. Ila hata huko data usiiweke ndani, ukibuild upya PyInstaller inafuta folda ya zamani. Na `--windowed` iweke mwishoni, sahizi acha ile dirisha nyeusi uone eror.

mgeni_wa_kodi
Nimehamishia APPDATA, nimefunga na kufungua mara tano data ipo, asanteni mno. Wale 40 ndo basi tena?

fundi_exe
Subiri kwanza, programu iliwahi kuzimika ghafla? Ikiuawa ghafla haipati nafasi ya kufuta ile folda. Mwambie aandike `%TEMP%` kwenye Run atafute folda za `_MEI`, na asisafishe chochote kwanza.

mgeni_wa_kodi
Aisee, zilikuwepo mbili! Moja ya siku laptop ilimzimikia chaji, database imo ndani na majina 26, nimeshainakili. Hao 14 tunawaingiza kwa mkono leo jioni, daftari la zamani hakulitupa.