Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kwenda kurekodi vita Cabo Delgado

Habari zenu ndugu zangu. Niko Mikindani, Mtwara. Mdogo wangu ni mpiga picha za video, na kuna kituo cha nje kinamtaka avuke Ruvuma akarekodi vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vile vilivyoanza Oktoba 2017. Atalipwa kwa kila habari itakayorushwa. Mkataba hakuna, bima hakuna.

Kila nikimgusa ananitajia Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Namheshimu sana. Lakini Amin huyohuyo alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, na mtu wake wa sauti, John Mathai, akafa.

Simkatazi. Kipaji anacho, na wa ng'ambo ile ni Wamakonde wenzetu, mateso yao yanastahili kuonekana. Ila begi lake nimeliona: betri, kadi za kumbukumbu, maiki, hata bandeji moja hamna. Mama halali.

Mliowahi kufanya kazi hii, adai nini kwa maandishi kabla hajaondoka? Fulana ya kuzuia risasi na mafunzo ya huduma ya kwanza analipia nani? Wanataka jibu Ijumaa.