Plasta inaanza jumatatu: PPR ya ngapi, maji moto ya aina gani, na haya matundu ya hewa nizibe au niache?

Boma_la_Madale

Wakuu habari za jioni. Nina boma langu huku Madale, vyumba vitatu kimoja masta, nimeezeka mwezi uliopita, fundi umeme kashachimbia bomba zake na fundi plasta anataka aanze jumatatu, sasa mi mambo ya maji sijaamua hata moja na kila ninayemuuliza ana lake. Fundi bomba wa kwanza kasema PPR (zile bomba za plastiki za kuunga kwa moto) ya milimita 20 nyumba nzima inatosha, wa pili kasema huyo anataka kukuliza weka 25, na wote wawili hakuna aliyeniuliza simtanki itakaa wapi.

La pili maji moto. Mama watoto ni mtu wa Njombe, kwake nyumba isiyo na maji moto haijaisha. Mi mtu wa Tanga naona hapa Dar ni kujitafutia gharama tu, saa nane mchana ukifungua koki maji yanatoka yamechemka yenyewe.

La tatu ndo limenivuruga kabisa. Shemeji yangu yuko Ujerumani, nimemtumia picha za boma kanipigia saa nzima, anasema huko nyumba inazibwa hewa isipite popote halafu wanaipima kwa feni, na kwamba nikiacha yale matundu juu ya madirisha AC itakula LUKU mpaka nishangae. Fundi tofali kashaweka matundu kila chumba. Nizibe au niache? Jumatatu ndo hiyo inakuja.

FundiBomba_Kimara

Mkuu kwanza msimamishe huyo wa plasta siku tatu nne, hata akinuna. Ukishapiga plasta kila wazo jipya ni nyundo na patasi.

Swali la 20 au 25 halijibiki mpaka ujue simtanki inakaa juu kiasi gani, na hapa watu wengi wanapigwa. Presha tunaipima kwa bar, mita 10 za maji ndo bar 1. Wewe utajenga mnara wa mita 3 uone umemaliza, lakini shawa yenyewe iko mita 2 kutoka sakafuni, kwa hiyo kinachoisukuma ni mita 1 tu, yaani bar 0.1, hiyo ni presha ya kumwagilia mchicha. Pima kutoka kichwa cha shawa kwenda tako la tanki, usipime kutoka chini. Ndo maana unakuta mtu ana bafu zuri vigae vya bei mbaya halafu anaoga kwa ndoo na kopo.

Sasa PPR ya 20 ile nene ya PN20, hiyo 20 ni upana wa nje. Ndani tundu ni kama milimita 13 tu. Ya 25 ndani ni 16 na kidogo, ya 32 ndani ni 21. Kama unategemea mteremko wa simtanki bila pampu, shusha na 32 kutoka kwenye tanki, tembeza 25 ndani ya nyumba, 20 iwe ile ya mwisho tu inayoingia kwenye sinki au shawa. Kama utaweka pampu ya presha mambo yanakuwa marahisi ila umeme ukikatika unarudi kwenye ndoo, mi nasema mnara uwe juu kadiri pesa inavyoruhusu halafu pampu iwe ya kuongezea. Na kumbuka lita 2000 ni tani 2, usiweke juu ya vinguzo vya kubahatisha.

Halafu muangalie kijana anayechoma. Mashine ya PPR inatakiwa nyuzi 260, akiliacha bomba kwenye moto muda mrefu au akalisukuma kwa nguvu, plastiki inarudi ndani inaziba tundu, kwa nje joint inapendeza kumbe ndani limebaki tundu la kupitisha penseli. Hilo utalijua ukishahamia. Kabla ya plasta ziba ncha zote, leta pampu ya mkono ya kupimia, pandisha mpaka bar 10, acha walau usiku mmoja. Mshale ukishuka hata kidogo tafuta joint. Na piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi pembeni, siku unatoboa ukuta kutundika tv utanikumbuka.

Mtoto_wa_Sinza

Njombe na Tanga ndani ya nyumba moja halafu unauliza kuhusu presha 😂😂

Mama_wa_Kibada

Kaka mwachie mkeo maji yake ya moto. Mwezi wa saba alfajiri hapa Kigamboni upepo wa kusi ukivuma maji ya simtanki yanauma jamani, na ukiwa na mtoto mchanga utachemsha sufuria mpaka uchoke.

Ila nikuambie yaliyonikuta mimi. Tulichimba kisima, maji yana chumvi, tukaunga moja kwa moja nyumba nzima. Shawa ya umeme ile inayochemsha papo hapo ilikufa haina hata mwaka, ikafungwa nyingine nayo ikawa ukigusa koki unasikia kama sisimizi wanatembea mkononi. Fundi umeme alikuja akakuta eathi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini, haijaungwa popote, waya umekunjwa tu ndani ya boksi!! Zile shawa waya wake wa kuchemsha uko wazi ndani ya maji na maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji ya kawaida yasiyo na chumvi. Tumeshabadilisha sasa hivi, kisima kinaenda vyooni na bustanini kwa laini yake, ya DAWASA inaingia kwenye tanki lingine kwa ajili ya jikoni na kuogea. Lakini kutenganisha nyumba ikiwa imeshaisha ni kuvunja vigae, wewe uko kwenye boma, weka laini mbili sasa hivi hata kama kisima huna. Bei ya bomba la ziada si kitu ukilinganisha na vigae.

Likizo_Desemba

Weka shawa ya umeme mkuu, tanki la maji moto linakula umeme balaa.

FundiBomba_Kimara

@Likizo_Desemba hapo naomba tufanye hesabu maana hii habari inasemwa kila kijiwe. Mtu mmoja anaoga lita 30, maji ya Dar yako kama nyuzi 27, unayapeleka 38, hiyo ni uniti 0.4 hivi. Tanki la lita 50 ukilipandisha mpaka 60 ni karibu uniti 2, lakini maji ya 60 hayaogeki, unachanganya na ya baridi unapata lita 150, watu watano wameoga. Gawanya 2 kwa 5. Ni ileile. Kinachokula umeme ni kuliacha limewashwa kutwa nzima, linapoa linachemka linapoa linachemka. Washa kama saa nzima au zaidi kidogo kabla ya kuoga, zima.

Tofauti iko kwingine. Shawa ya umeme inavuta kilowati 5 na nusu kwa mkupuo, hiyo ni ampia 25, inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, wa milimita 4 au 6, na fundi umeme wako kashachimbia bomba tayari kwa hiyo muulize leo kama aliliwaza hilo, ukichomeka kwenye waya wa soketi utachoma nyumba. Tanki dogo linavuta kilowati 1.5 mpaka 2 tu. Na shawa ya umeme presha ikiwa ndogo haiwaki, unarudi kwenye ule mnara wa mita 3. Tanki nalo weka karibu na bafu, PPR ya 25 inabeba lita 0.2 kila mita, likiwa mita 12 kutoka bafuni unamwaga lita 2 na nusu za maji baridi kabla ya moto kufika. Na valvu ya usalama usimruhusu mtu aizibe eti inadondosha, inatakiwa idondoshe.

Vile vichemsha maji vinavyotumia gesi, usifunge ndani ya bafu. Nje ukutani sawa.

Mbongo_Darmstadt

Nimecheka maana huu mji ninaokaa ndo ile nyumba ya kwanza ya mtindo huo, wanaiita Passivhaus, ilijengwa, mwaka 1991. Shemeji yako hajakudanganya ila kakupa dawa ya ugonjwa wa wengine. Huku wanafunga feni mlangoni, wanasukuma hewa mpaka presha ya paskali 50, na nyumba ya kiwango hicho hewa inayovuja kwa saa isizidi 0.6 ya ujazo wa nyumba nzima. Lakini huku wanapigania joto lisitoke nje, na nyumba iliyozibwa hivyo LAZIMA iwe na mashine inayoingiza hewa mpya saa 24. Wewe ukiziba bila hiyo mashine umejifungia kwenye kopo. AC ya ukutani haileti hewa mpya, inazungusha ileile mliyopumua, ndo maana watu wawili wakilala chumba kilichozibwa wanaamka vichwa vizito.

Na asije akakushawishi uweke nailoni ndani ya kuta au juu ya dari upande wa chumbani. Huku inawekwa ndani kwa sababu unyevu unatoka ndani ya nyumba kwenda nje kwenye baridi. Dar kinyume, unyevu uko nje unataka kuingia kwenye chumba chenye AC, ukikutana na hiyo nailoni baridi unageuka maji, fangasi watakusalimia.

Mimi kwa nyumba yako ningefanya hivi: sebule, korido na jiko matundu yabaki, weka nyavu za mbu, madirisha yatazamane ili kaskazi na kusi zote zipite. Jiko hasa, maana bado tunawasha mkaa hata kama tuna gesi na mkaa kwenye nyumba iliyozibwa unaua watu usingizini. Chumba cha AC tu, masta, ndo uzibe, na usizibe kwa plasta, weka vioo vya kufungua nyuma ya tundu, umeme ukikatika usiku unafungua. Halafu kaangalie dari, watu wanaziba dirisha huku gipsamu ina matundu kumi ya taa na juu yake ni bati linalowaka.

Boma_la_Madale

Aisee asanteni sana. Fundi umeme nimempigia, waya wa shawa hakuuwaza, kasema alijua nitaoga maji ya kawaida. Kwa hiyo tanki dogo la lita 50 juu ya bafu la masta na mama watoto kashakubali. Swali la mwisho, masta nikiiziba na bafu liko humohumo na nataka kuweka feni ya kutoa hewa bafuni, kuna shida?

FundiBomba_Kimara

Ipo na wengi hawaijui. Feni ikivuta na chumba kimezibwa, hewa itaingia popote pa kupenya, na pa karibu ni lile tundu la maji sakafuni. Mle ndani kinachozuia harufu ni maji kidogo tu yaliyokaa kwenye mkunjo, kama sentimita 5, ukisafiri wiki kadhaa yanakauka, ukirudi unawasha feni inakuvutia harufu ya chemba moja kwa moja mpaka kitandani. Mwambie fundi mlango aache uwazi wa kama sentimita 2 chini ya mlango wa bafu, na mlango wa chumba nao ubaki na uwazi kidogo. Bomba la kupumulia lipande mpaka lipite bati, lisiishie ndani ya dari, hiyo nimeikuta nyumba mbili mwaka huu. Na kabla ya kusafiri mwaga kikombe cha maji juu yake vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, yanachelewesha kukauka.

Bomba la kutoa maji ya AC umeshalichimbia? Manake naona hujalitaja.

Boma_la_Madale

Sijalichimbia 😩 plasta nimeisogeza mpaka ijumaa.