Je, askari wa Marekani anaruhusiwa kubeba bastola yake binafsi kambini?

Mjomba_Bakari:
Habari zenu wanajukwaa. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 23, ameajiriwa na Jeshi la Marekani na amepangiwa Fort Hood, Texas. Nje ya lango, sheria ya jimbo tangu mwaka 2021 inamruhusu mtu wa umri wake kubeba bastola bila leseni, ilhali ndani ya kambi anaambiwa ni kosa. Inakuwaje aliyefunzwa silaha azuiwe kujihami mahali ambapo watu wamekwisha kuuawa? Naomba ufafanuzi.

Wakili_Tanga:
Ndugu Bakari, kambi ni mali ya serikali ya shirikisho, kwa hiyo ruhusa ya jimbo huishia langoni. Waraka wa Wizara ya Ulinzi wa mwaka 1992 uliacha silaha mikononi mwa polisi jeshi na walio lindoni. Baada ya shambulio la Chattanooga, Tennessee, la Julai 2015, lililoua askari wanne wa kikosi cha Marines na baharia mmoja, Bunge liliagiza utaratibu mpya, na waraka wa Novemba 2016 ukawapa makamanda mamlaka ya kumruhusu askari, kwa maandishi, kubeba silaha yake binafsi kwa ajili ya kujilinda. Mwombaji awe ametimiza miaka 21, na akiri kwamba huenda akawajibika yeye binafsi kwa madhara yatokanayo na uzembe wake. Kibali hudumu siku 90, au muda mwingine ambao tawi husika la jeshi litaona unafaa. Kwa hiyo mlango upo, ila ufunguo anao kamanda.

Binti_Mvita:
Kuwepo kwa kibali kwenye karatasi hakutoshi iwapo kamanda anaweza kukataa. Tarehe 5 Novemba 2009, katika kambi hiyo hiyo ya Fort Hood, askari waliokuwa wakikamilisha taratibu za kwenda vitani walipigwa risasi na meja wao wenyewe, na watu 13 wakauawa. Michael Cahill, mhudumu wa afya wa kiraia na mstaafu wa jeshi, alimkabili kwa kiti, naye akauawa. Mtu mwenye moyo wa namna ile alistahili kuwa na zaidi ya kiti mkononi.

Mstaafu_JW:
Dada yangu, uchungu wako ninauelewa, lakini angalia silaha ile ilitoka wapi: muuaji aliinunua dukani nje ya kambi, akaingia nayo. Agosti 2025 huko Fort Stewart, Georgia, sajenti aliwajeruhi wenzake watano kwa bastola yake binafsi, na askari wasio na silaha ndio waliomrukia wakamdhibiti. Polisi wanaofika penye milio ya risasi wakakuta watu kumi wamevaa sare zinazofanana, kila mmoja ameshika bastola, watamtambuaje adui? Tena wapo vijana wanaojiua wakiwa na silaha karibu. Kamanda anayemjua askari wake ndiye wa kuamua, lakini akikataa aeleze sababu.

Wakili_Tanga:
Nyongeza kwa Ndugu Bakari: mpwa wako asijaribu kupita langoni na bastola garini kabla ya kuuliza. Aulize polisi jeshi wa kambi kuhusu usajili, na kama analala bwenini, atarajie bastola kuhifadhiwa katika ghala la silaha la kikosi, si chini ya mto.

Mjomba_Bakari:
Nashukuruni sana. Nitampigia leo aanze na usajili, kisha aandike barua kwa kamanda wake.